Mama anakwenda kumtembelea binti yetu Uingereza: akiugua, hospitali ya umma itamtibu bure au itamdai?

Mwalimu Mstaafu (Soweto, Moshi)

Wanajukwaa, salaam. Binti yetu ni muuguzi katika hospitali ya umma mjini Leicester, nchini Uingereza, na amemwalika mama yake akakae naye kwa muda wa miezi mitano. Mwenzangu ana umri wa miaka 68, ana shinikizo la damu la siku nyingi na huhudhuria kliniki KCMC, kwa hiyo si mtu wa kusafirishwa kwa kubahatisha. Swali langu ni hili: akiugua akiwa kule, nani atalipa?

Nimeuliza watu na kila mmoja amenipa jibu lake. Jirani aliyewahi kusoma kule anashikilia kwamba matibabu ya Uingereza ni bure kwa kila aliye ndani ya nchi yao. Mzee mmoja wa usharika wetu anasema mgeni asiye na fedha hapokelewi hata mlangoni. Binti mwenyewe anaamini kwamba, kwa kuwa yeye ni mtumishi wa hospitali na hukatwa kodi kila mwezi, mama yake atahesabiwa kuwa mtegemezi wake, kama ambavyo mwanachama wa NHIF hapa kwetu huweza kuwaandikisha wazazi wake. Ningependa kupata maelezo ya mtu anayeyajua mambo haya kwa undani kabla hatujalipia tiketi. Nawasilisha.

Karani wa Zamani (Njiro, Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Kabla sijarudi nyumbani nilifanya kazi katika hospitali moja ya umma huko England, kwenye ofisi inayoamua ni mgonjwa gani wa kutoka ng'ambo anatakiwa kulipa na yupi hatakiwi. Nitazungumzia England peke yake, kwa sababu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zao. Leicester iko England, kwa hiyo yanayofuata yanamhusu mama moja kwa moja.

Jirani yako hakuzua jambo. NHS, yaani Huduma ya Taifa ya Afya, ilipoanza Julai 1948 haikuwa na utaratibu wa kumtoza mgeni. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria inayoruhusu wageni watozwe, lakini kanuni za kuitekeleza hazikutoka hadi 1982. Tangu hapo zimebadilishwa mara nyingi, na zinazotumika sasa ni za 2015 pamoja na marekebisho yake, hasa yale ya 2017.

Msingi wa kanuni hizo ni makazi. Mtu anayehesabiwa kuwa mkazi wa kawaida wa Uingereza hatozwi chochote kwa matibabu ya hospitali. Asiyehesabiwa hivyo ni mgeni wa ng'ambo, na hospitali inalazimika kumtoza isipokuwa kama yeye mwenyewe au huduma anayopewa imo katika orodha ya misamaha. Maana ya mkazi wa kawaida haikutokana na mambo ya hospitali hata kidogo. Ilitolewa na majaji wa Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa kule, katika kesi ya Shah dhidi ya Halmashauri ya Barnet, iliyoripotiwa 1983, ambayo ilihusu wanafunzi waliodai ruzuku ya masomo. Jaji Scarman alieleza kwamba mtu ni mkazi wa kawaida akiwa anaishi mahali hapo kihalali, kwa hiari yake, na kwa kusudi lililotulia kama sehemu ya mpangilio wa maisha yake ya wakati huo, uwe mfupi au mrefu. Sheria ya Uhamiaji ya 2014 ikaongeza sharti: kwa watu wengi walio chini ya udhibiti wa uhamiaji, Watanzania wakiwemo, hayo hayatoshi mpaka mtu awe pia na kibali cha kuishi Uingereza bila ukomo.

Sasa tumpime mama kwa kipimo hicho. Atakuwa kule kihalali na kwa hiari, lakini maisha yake yamejengwa Moshi, anakwenda kutembea na kurudi, na hana kibali cha kudumu. Yeye ni mgeni wa ng'ambo. Kodi ya binti haibadilishi jambo hilo, na ajira yake katika NHS haibadilishi pia. Kama binti yupo kwa viza ya wafanyakazi wa afya, yeye mwenyewe amesamehewa tozo ya afya ya uhamiaji, ambayo wengine huilipa wanapoomba viza, na anatibiwa bila malipo, lakini haki hiyo haipandi kwa mzazi anayekuja kwa viza ya matembezi. Mambo ya wategemezi wa NHIF hayana mfano wake kule.

Mjukuu wa Rau (Moshi)

Samahani Karani, mimi nilisoma Sheffield na nilitibiwa hospitali bila kulipa senti. Nilifanyiwa hata upasuaji mdogo wa goti. Sikuwa na kibali cha kudumu, nilikuwa na viza ya masomo tu. Je, hilo halipingani na ulichoeleza?

Karani wa Zamani (Njiro, Arusha)

Halipingani, kwa sababu ulikwisha kulipa kabla hujapanda ndege, labda bila kulitilia maanani. Tangu Aprili 2015 mtu anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 akiwa nje ya Uingereza hulipa tozo ya afya pamoja na ada ya viza. Ilianza kwa pauni 200 kwa mwaka, ikapanda hadi 400, kisha 624, na tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka, ilhali wanafunzi na watoto walio chini ya miaka 18 hulipa 776. Aliyeilipa hutibiwa karibu sawa na mkazi kwa muda wote wa kibali chake. Kubwa linaloachwa nje ni matibabu ya kusaidiwa kupata mimba. Na kama ulisoma kabla ya 2015, kanuni za wakati huo ziliwasamehe wanafunzi wa masomo ya muda wote bila tozo hiyo.

Viza ya matembezi haina tozo hiyo, na huwezi kuomba uilipe kwa hiari ili upate haki. Hata viza ya matembezi ya miaka 2, 5 au 10 haimpi mtu ruhusa ya kukaa zaidi ya miezi 6 kwa kila safari, na haimtoi katika kundi la wageni. Nimewaona wazazi wenye viza ya miaka 10 wakiionyesha dirishani kwa matumaini makubwa, nami nikalazimika kuwaeleza kwamba urefu wa viza na urefu wa makazi ni vitu viwili.

Mama Neema (Kiboriloni)

Kwa hiyo mzee wa usharika ndiye aliyesema kweli, kwamba asiye na fedha hapokelewi? Naona kama ni ukatili.

Karani wa Zamani (Njiro, Arusha)

Hapana Mama, naye alikosea, na kosa lake naliogopa zaidi ya lile la jirani, kwa sababu linaweza kumfanya mtu abaki nyumbani wakati anapooza upande mmoja wa mwili.

Kuna huduma ambazo hazitozwi kwa mtu yeyote, awe mkazi au mgeni. Ya kwanza ni kumwona daktari wa ngazi ya jamii, wanayemwita GP. Mgeni anayekaa katika eneo kwa zaidi ya saa 24 na chini ya miezi 3 anaweza kuandikishwa kama mgonjwa wa muda. Akikaa zaidi anaweza kuandikishwa kama wengine. Kituo hakipaswi kumkataa kwa sababu hana hati ya uhamiaji au ya anwani. Ya pili ni idara ya dharura pamoja na vituo vya huduma ya haraka. Mama akianguka na kukimbizwa idara ya dharura, vipimo na tiba atakazopewa humo hazina malipo. Malipo huanza pale anapolazwa wodini, au anapopangiwa kurudi kliniki ya wagonjwa wa nje. Hapo ndipo familia nyingi hushtuka, kwa sababu mgonjwa amevuka mlango mmoja tu wa ndani, muuguzi ni yuleyule, lakini mbele ya kanuni ameingia sehemu nyingine.

Yapo pia magonjwa ambayo uchunguzi na tiba yake ni bure kwa wote hata mtu akilazwa, kwa kuwa nchi nzima inanufaika yakitibiwa mapema: kifua kikuu, malaria, kipindupindu, homa ya matumbo, homa ya manjano, UVIKO-19, magonjwa ya zinaa, na tangu Oktoba 2012 virusi vya UKIMWI pia. Malaria naitaja makusudi kwa watu wetu. Mtu anayetoka huku akipata homa kule ndani ya wiki chache aende hospitali mara moja na aseme ametoka Tanzania, wala asiogope ankara. Matibabu ya madhara ya mateso, ukeketaji, ukatili wa nyumbani au ukatili wa kingono nayo hayatozwi, ilimradi mtu hakusafiri kwa lengo la kuyafuata. Wapo na watu waliosamehewa kwa hali zao, kama vile wakimbizi, wanaosubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi, na waathirika wa biashara haramu ya binadamu.

Kwa yasiyo na msamaha, hutazamwa uzito wa hali. Matibabu yasiyoweza kusubiri, yale ya kuokoa maisha au kuzuia ulemavu wa kudumu, hutolewa kwanza na fedha hudaiwa baadaye, hata kama imeshajulikana kwamba mgonjwa hana uwezo wa kulipa. Yale ya haraka, ambayo hayawezi kungoja mpaka mgonjwa arudi kwao, nayo hutolewa, ingawa hospitali hujaribu kupata fedha mapema. Yanayoweza kungoja, kwa mfano mtoto wa jicho au nyonga ya kubadilishwa, hayafanyiki mpaka malipo yote yatangulie; hilo limekuwa lazima tangu tarehe 23 Oktoba 2017. Anayeamua mgonjwa yuko kundi gani ni daktari, si karani wa malipo. Niliwahi kuona ofisi moja ikilisahau hilo na kumrudisha mtu ambaye daktari alikuwa hajamwona, na hadi leo naliona kuwa ni kosa kubwa kuliko ankara yoyote isiyolipwa.

Mwalimu Mstaafu (Soweto, Moshi)

Nashukuru kwa maelezo. Umetaja ankara bila kutaja kiwango chake. Tukidhani mama amelazwa kwa kiharusi, tunazungumzia kiasi gani?

Karani wa Zamani (Njiro, Arusha)

Sitakutajia gharama ya kiharusi kwa sababu hutegemea siku, wodi na vipimo. Kanuni ya hesabu ndiyo ninayoweza kukupa. Hospitali za NHS zina bei ya kitaifa ambayo hulipana zenyewe kwa kila aina ya matibabu. Mgeni kutoka nchi kama yetu hutozwa asilimia 150 ya bei hiyo. Matibabu ambayo kwa mkazi yangehesabiwa pauni 4,000 kwenye vitabu vya hospitali, mama angeandikiwa 6,000. Uingereza ina mikataba ya kutibiana raia na baadhi ya nchi, kama Australia na New Zealand, lakini haina mkataba wa namna hiyo na Tanzania.

Deni likifika pauni 500 au zaidi na kukaa miezi 2 bila kulipwa, hospitali huliarifu kwa Wizara ya Mambo ya Ndani yao, na ombi lijalo la viza linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo peke yake. Anayekubaliana na hospitali kulipa kwa awamu na kuyatimiza makubaliano hapelekwi huko. Kwa hiyo mtu asiikimbie ofisi ya malipo. Barua zisizojibiwa ndizo zinazoleta matatizo, na nyingi hutumwa kwenye anwani ya mtoto wakati mzazi amekwisha rudi Marangu na hajui kinachoendelea. Mtu asidanganyike pia akisikia hospitali imelifuta deni katika hesabu zake, kwani kwa mgonjwa deni bado lipo.

Mzee wa Usa River

Naomba kuchangia kwa upande wa pili. Mimi ni mzaliwa wa Machame, nilichukua uraia wa Uingereza nilipokuwa nikifanya kazi Birmingham, nikalipa kodi na michango ya hifadhi ya jamii mpaka nilipostaafu. Sasa ninaishi hapa Usa River kwa kibali cha ukaazi. Nilipokwenda kuwaona wajukuu nilihitaji uchunguzi wa tezi dume, nikapewa fomu inayouliza nimeishi wapi kwa miezi 12 iliyopita. Niliandika ukweli, nikaambiwa nitalipa. Nilionyesha pasi yangu nyekundu ya zamani na ile mpya ya bluu, na namba yangu ya NHS ambayo bado ipo kwenye mitambo yao. Haikusaidia. Karani, je, nilitendewa haki?

Karani wa Zamani (Njiro, Arusha)

Mzee wangu, shikamoo. Kwa mujibu wa kanuni ulitendewa sawasawa, ingawa ninaelewa uchungu wake. Uraia hauulizwi peke yake, wala pasi, wala nyumba unayoimiliki kule, wala kodi uliyolipa zamani. Namba ya NHS na kuandikishwa kwa GP si uthibitisho wa kitu chochote isipokuwa kwamba uliwahi kuandikishwa. Raia wa Uingereza anayeishi Usa River na kwenda Birmingham kutembea ni mgeni wa ng'ambo.

Ila lipo jambo ambalo huenda hawakukueleza. Siku utakayoamua kurudi kuishi kule kwa kutulia, hutasubiri miezi 6 wala mwaka, kwa kuwa wewe huhitaji kibali cha uhamiaji. Utakuwa mkazi wa kawaida tangu siku unapofika, mradi uweze kuonyesha kwamba umehamia kweli: umefunga makazi ya huku, umesafirisha mizigo, una mahali pa kuishi, na mengine ya namna hiyo. Hospitali haiangalii karatasi moja, hupima picha nzima, na mzigo wa kuonyesha ushahidi uko kwa mgonjwa.

Kijana wa Sakina (Arusha)

Nina shaka na fomu hizo. Hivi wanaulizwa watu wote, au wanaulizwa wenye majina na rangi kama zetu?

Karani wa Zamani (Njiro, Arusha)

Mwongozo unasema maswali ya msingi yaulizwe kwa kila mgonjwa bila kujali rangi, jina wala lafudhi, na Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza kumchagua mtu kwa sura. Kwa niliyoyaona, utekelezaji ulitegemea sana nani yuko dirishani na foleni ina urefu gani. Ukihisi umechaguliwa peke yako unaruhusiwa kuuliza kama swali hilo limeulizwa kwa wote na kupeleka malalamiko kwa maandishi. Hata hivyo fomu ijaze kwa ukweli, maana taarifa ya uongo kwenye fomu hiyo ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mbali kuliko deni lenyewe.

Mama Neema (Kiboriloni)

Mdogo wangu yuko Manchester kwa masomo, alilipa hiyo tozo, na sasa ni mjamzito. Nina wasiwasi naye.

Karani wa Zamani (Njiro, Arusha)

Asiwe na wasiwasi, uzazi wake umo ndani ya tozo. Mtoto atakayezaliwa kule atatibiwa bila malipo kwa miezi 3 ya kwanza ilimradi hajatoka nje ya nchi, na katika muda huo wazazi wamwombee kibali chake na kumlipia tozo yake. Kwa faida ya wasomaji wengine: mjamzito ambaye ni mgeni wa kawaida hutozwa, lakini huduma za uzazi zote huhesabiwa kuwa za lazima papo hapo, hivyo haruhusiwi mtu kuzizuia wala kuzichelewesha kwa ajili ya fedha. Ninawafahamu waliojifungulia nyumbani kwa kuiogopa ankara, na hilo halikuwa na ulazima wowote.

Mjukuu wa Rau (Moshi)

Tuwe wakweli, Waingereza wanatutoza asilimia 150 wakati wao wanakuja kupanda Kilimanjaro na wakiumia tunawatibu.

Kijana wa Sakina (Arusha)

Tunawatibu na wanalipa, ndugu. Mpanda mlima anayeletwa Moshi huulizwa bima yake ni ipi, na Zanzibar imekwenda mbele zaidi: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia huko anatakiwa awe amenunua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44. Tofauti ni kwamba wao wanamdai mgeni baada ya kuugua na Zanzibar inamdai kabla hajaugua. Binafsi naona njia ya Zanzibar ina staha zaidi. Tusiuhamishe uzi lakini, Mwalimu ana safari.

Mwalimu Mstaafu (Soweto, Moshi)

Nimeelewa kwamba kadi yake ya NHIF ataiacha kabatini, na kwamba bima ya safari haikwepeki. Nimepita kwa wakala mmoja mjini akanionyesha bima ya bei nafuu sana. Nini cha kuangalia kabla sijatoa fedha?

Kijana wa Sakina (Arusha)

Mwalimu, nimefanya kazi ya bima, hili naliweza. Usianze na bei. Anza na ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, na utafute maneno kuhusu ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima kuanza. Bima nyingi za bei nafuu hulipia malaria, kuvunjika mguu na mizigo iliyopotea, lakini hukataa chochote kinachohusiana na shinikizo la damu ambalo mgonjwa alikuwa nalo. Kiharusi kingekataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtangaze ugonjwa wake kwenye fomu hata kama wakala atakushauri uuache wazi ili bei ishuke. Kampuni itaomba mafaili ya kliniki siku ya madai, na ikikuta aliyaficha haitalipa chochote. Uliza kikomo cha umri, maana zipo zinazokata miaka 65 na zipo zinazoongeza bei tu. Hakikisha muda wa bima unazifunika siku zote za safari, pamoja na zile atakazokaa zaidi kama tiketi itasogezwa. Angalia pia kiasi ambacho mwenye bima hulipa mwenyewe kwanza kabla kampuni haijaanza kulipa, kwa sababu kwenye bima nafuu kinaweza kuwa kikubwa.

Karani wa Zamani (Njiro, Arusha)

Naongezea upande wa hospitali. Abebe barua ya daktari wake wa KCMC yenye maelezo ya ugonjwa kwa Kiingereza na majina ya kitaalamu ya dawa, si majina ya kibiashara, kwa sababu dawa ileile huuzwa kule kwa jina jingine. Abebe dawa za kutosha miezi yote mitano zikiwa kwenye vifungashio vyake vya asili. Zikipungua, GP anaweza kumwandikia, na kwa umri wake hatalipia cheti cha dawa, kwani England huwasamehe wenye miaka 60 na kuendelea; wengine hulipa pauni 9.90 kwa kila dawa. GP akimpa rufaa ya kwenda kumwona bingwa hospitali, hapo ajue ameingia kwenye malipo, na amuulize kwanza kama jambo hilo linaweza kungoja mpaka arudi KCMC.

Binti naye aandikiwe pembeni namba ya simu ya kampuni ya bima na namba ya mkataba. Mama akilazwa, ampigie bima siku hiyohiyo kabla ankara haijaandikwa, kisha awape ofisi ya wagonjwa wa ng'ambo nakala ya mkataba. Hospitali humdai mgonjwa, haiidai bima, isipokuwa kama kampuni imeandika barua ya kukubali kulipa moja kwa moja. Barua hiyo ikifika mapema, mambo mengi huisha palepale.

Mwalimu Mstaafu (Soweto, Moshi)

Nimemwita binti kwa simu jioni hii na amesoma uzi wote. Bima tutaikata ile inayokubali shinikizo la damu, ingawa ni karibu mara tatu ya ile ya kwanza, na yeye ndiye atakayechangia tofauti. Kliniki ya mwenzangu ni Alhamisi. Tutaomba barua siku hiyo hiyo.